Utepe Mwekundu Kwenye Baiskeli

Dereva wa barabara yetu ya Ziwa anamheshimu sana maiti. Mpitishie jeneza, atapunguza mwendo, atazima redio, na wengine hata kofia watavua. Lakini mpitishie mtu anayepumua, mwenye mke na ng'ombe wa kukamuliwa jioni, akiwa juu ya baiskeli, basi atampigia honi mgongoni na kumbana mpaka mtaroni. Jambo hili sikuambiwa na mtu. Nimelithibitisha mwenyewe, na kuna majirani ambao mpaka leo hawajanisamehe kwa jinsi nilivyolithibitisha.

Naitwa Jepchumba. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na nyumba yetu iko kando ya barabara ya kutoka Eldoret kwenda Ziwa, kabla kidogo ya kufika Kuinet. Mume wangu ni Kipkoech, mkulima wa mahindi na ng'ombe wachache wa maziwa. Binti yetu Cynthia anafanya kazi Nairobi, kwa hiyo hapa kwetu mimi ni Mama Cynthia na yeye ni Baba Cynthia, na nyumbani tumebaki wawili tu.

Kwa miaka mingi Jumamosi ilikuwa siku yetu. Ng'ombe wakishakamuliwa na maziwa yakishachukuliwa, tulikuwa tunatoa baiskeli zetu mbili na kwenda sokoni Ziwa. Watu walitucheka. Walisema mzee wa shamba zuri kama Kipkoech angenunua hata pikipiki, na mwalimu mzima hafai kuonekana anakanyaga pedali na sketi imefungwa pini. Wacha waseme. Hawakujua nilichokuwa nakipata.

Nyumbani Kipkoech si mtu wa maneno. Unaweza kumuuliza swali asubuhi akakujibu wakati wa chai ya saa kumi. Lakini akipanda baiskeli alikuwa mtu mwingine. Aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya isiyo na aibu. Alimsema chifu, alimsema mchungaji, alinisimulia alivyoibiwa viatu akiwa mdogo. Alinitania mimi pia. "Mama Cynthia, hiyo keria inalia. Ni kabichi ama ni wewe?" Mimi nilitangulia na yeye akafuata nyuma, siku zote hivyo, tangu tukiwa wachumba. Niliendesha nikiangalia mashamba, na sauti yake ikanifuata mgongoni. Kuna wanawake wanaopelekwa hotelini. Mimi nilipelekwa Ziwa, na sikutaka kubadilishana na yeyote.

Sisemi kwamba madereva hawakutusumbua. Hasa msimu wa mavuno, wakati barabara inajaa malori ya mahindi na trekta zinazovuta trela. Dereva akiwa nyuma ya trekta ni kama mtu aliyebanwa na tumbo, hawezi kungoja hata kidogo. Anachomoka, anaona baiskeli mbele yake, na anajiambia baiskeli itajua pa kwenda. Itaenda wapi? Ukingo wa lami umeliwa na mvua, chini yake kuna mawe, na baada ya mawe kuna mtaro. Niliwatukana wengi. Mmoja niligundua baadaye kwamba ni mzazi wa mwanafunzi wangu, na sikumwomba msamaha.

Kisha yakatokea ya mwaka jana. Tulikuwa tunarudi kutoka Ziwa, mimi mbele, yeye nyuma anaimba. Nyuma yetu palikuwa na trekta. Matatu ikaipita trekta ile kwa kasi, ikakutana ana kwa ana na lori lililokuwa likija, ikarudi upande wetu kabla haijamaliza kupita. Nilichosikia mimi ni wimbo kukatika katikati ya neno. Halafu matatu ikapita karibu yangu, upepo wake ukanivua kitambaa kichwani, na ikaenda zake. Haikusimama. Dereva wa trekta alisema ilikuwa nyeupe, na kwenye barabara ile matatu zote ni nyeupe. Hakuna aliyesoma namba.

Nilimkuta mume wangu mtaroni, bega limevunjika na nyonga imevunjika, macho yamefunguka, ananiangalia bila kusema kitu. Watu wa trekta walinisaidia kumbeba.

Alilazwa, akafanyiwa upasuaji, akaja nyumbani na magongo. Magongo yakawa fimbo, na fimbo ikabaki nyuma ya mlango. Kufikia katikati ya mwaka huu alikuwa anatembea vizuri, anachechemea kidogo tu kukiwa na baridi. Daktari alimwambia baiskeli itamfaa, italainisha nyonga. Kipkoech akaitikia kwa heshima, akaja nyumbani, akaiosha baiskeli yake vizuri, kisha akaining'iniza juu kwenye boriti ya stoo.

"Mimi na barabara tumemalizana," alisema.

Nilimbembeleza. Nikamtania, nikanuna, nikapika kuku. Nikamwambia tutaenda mapema kabla magari hayajawa mengi. Alisikiliza yote, kisha akasema, "Panda matatu kama watu wengine, Mama Cynthia." Na hata mimi alinikataza baiskeli. Hakufoka, aliniomba tu. Sikutaka kumpinga mtu aliyetoka mtaroni, basi nikaiacha yangu ukutani ikishika vumbi.

Sasa nitasema wazi. Nilimkosa mume wangu nikiwa naye mezani. Yule aliyekula ugali mbele yangu alikuwa mtu mwema, mtulivu, anayeuliza kama chumvi imetosha. Lakini yule wa Jumamosi, mwimbaji mbaya, mwenye domo, alikuwa amebaki barabarani, na hakuna aliyemwendea. Jumamosi zikawa siku za kufua. Nilisimama kwenye kamba na shati lake mkononi, nikayasikiliza magari yakipita nje ya ua, na nikamtamani mpaka kifua kikauma. Mwanamke wa miaka hamsini na zaidi anamtamani mume wake aliye hatua chache tu zizini. Nani ningemwambia?

Mwezi uliopita shangazi yangu akafariki, akazikwa Moi's Bridge. Nilienda na Amos, mwalimu mwenzangu, kwa gari lake. Anayejua mazishi ya huku anajua kwamba kila gari linalosindikiza maiti linafungwa utepe mwekundu mbele, na likiwa na utepe ule, barabara ni yake. Wakati wa kurudi Amos alisahau kuufungua. Tulikuwa sisi wawili tu, hatuna jeneza, hatuna msafara, tumeshiba pilau ya matanga. Na bado malori yalitupisha. Basi kubwa la kwenda Kitale lilipunguza mwendo likatuachia njia. Polisi wa kizuizi cha barabarani alitupungia mkono tupite.

"Waona hawa!" Amos alicheka mpaka akapiga usukani. "Hii kitu sitoi. Nitaendea nayo shule kila siku."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nauangalia utepe ule ukipepea juu ya boneti na nikifikiria stoo yetu. Tulipofika kwangu nikaufungua, nikautia kwenye mkoba. Amos akaniuliza wa nini. Nikamwambia nina somo la sanaa na kazi za mikono.

Nilijua halifai. Mama yangu angekuwa hai angeniuliza kama nimerogwa. Utepe wa msiba si pambo, haufungwi kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, maana ukiufunga bure unamwita mtu aje aujaze. Nilijua yote haya, na nikajiambia kwamba ni kitambaa tu. Wazo langu lilikuwa moja. Nitaujaribu mwenyewe kwanza. Madereva wakinipisha, nitamleta Kipkoech barabarani ajionee, na akijionea atashusha ile baiskeli.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia naenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Nikasukuma baiskeli yangu mpaka ng'ambo ya kona ambapo hawezi kuniona, nikaufunga utepe kwenye usukani, mafundo mawili, ncha zikaning'inia. Nikapanda.

Mungu wangu, jinsi barabara ilivyokuwa nzuri asubuhi ile! Lori la kwanza lililonijia nyuma lilipunguza mwendo kutoka mbali. Nikajikunja kama kawaida, nikingoja ule upepo. Haukuja. Lori lilihamia upande wa pili wa barabara, lote, likanipita polepole kama linaogopa kuniamsha. Probox iliyojaa watu na kuku ikafanya vivyo hivyo. Pikipiki yenye abiria watatu ilinyamaza kelele zote, na yule wa mwisho akaweka mkono kifuani. Nikapita mbele ya duka la Muthoni, rafiki yangu wa siku nyingi, ambaye ndio kwanza alikuwa anafungua milango. Aliniona, akaziba mdomo kwa mkono. Nikadhani ameshangaa kuniona tena kwenye baiskeli, nikamkonyeza.

Baada ya Kuinet, matatu iliyokuwa ikija mbele yangu ilitoka kabisa kwenye lami, ikasimama nyasini. Dereva alishika usukani kwa mikono miwili, akanikodolea macho mpaka nikampita. Nikajiambia, huyu kweli alilelewa. Nikampungia mkono kumshukuru.

Ndipo nikaanza kulia. Nililia nikiendesha, kwanza kwa raha, halafu kwa hasira. Kumbe nafasi ipo! Miaka yote tuliambiwa barabara ni nyembamba, malori ni mapana, mtu wa baiskeli avumilie. Kumbe walijua kupunguza mwendo. Walijua kuhama upande. Walikuwa nayo heshima hiyo tayari, wanaiweka tu kwa ajili ya wafu. Nilitamani Kipkoech awe pale wakati ule ule, aone. Niligeuka nyuma mara kadhaa kana kwamba yupo.

Sokoni Ziwa sikukaa. Nilinunua kabichi na vitunguu, nikaona wanawake wananiangalia kwa upole usio wa kawaida yao, na anayeniuzia vitunguu akaniongezea bila kuombwa. Ningekuwa na akili timamu ningejiuliza. Lakini nilikuwa na furaha, na furaha ilikuwa imenipofusha. Nikageuza baiskeli nikarudi mbio, kichwani nikipanga maneno nitakayomwambia mume wangu.

Nilipokata kona ya mwisho nikaona pikipiki nyingi getini kwetu. Nikaona wanawake na leso mabegani. Mtu alikuwa anashusha viti vya plastiki kutoka kwenye mkokoteni, na vijana wawili wameingia na kuni.

Sijui niseme nini kuhusu dakika ile. Nilisahau kabisa kitu kilichokuwa kwenye usukani wangu. Niliona matanga kwetu, na nikajua Kipkoech amekufa, amekufa peke yake zizini wakati mimi nimemdanganya nikaenda kuchezea utepe. Nilijua ni mimi niliyemwita. Baiskeli niliitupa nje ya geti, kabichi zikabingirika barabarani, nikakimbia nikiliita jina lake, lile la ujana, ambalo silitaji mbele ya watu.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda cha kukamulia, kando ya zizi, na kikombe cha chai mkononi.

Nilimshika uso kwa mikono miwili. Nilimpapasa bega, kifua, magoti. Yeye aliniacha nimalize, kisha akaangalia nyuma yangu, getini, ambapo kijana mmoja alikuwa anaiingiza baiskeli yangu na utepe wake unapepea.

"Ni nani amekufa?" Kipkoech aliuliza.

"Hakuna."

"Na hiyo?"

Basi nikaeleza. Mwalimu mzima nilisimama mbele ya majirani nikaeleza habari ya gari la Amos, malori, na nilivyotaka ajionee. Kadiri nilivyoeleza ndivyo jambo lenyewe lilivyozidi kuwa la kipumbavu. Kumbe walikuwa wameniona barabarani nikiwa peke yangu na utepe wa msiba, na wote wanajua Kipkoech alivyoumia mwaka jana, wakajumlisha. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Na hata walipomkuta mzima, walibaki kungoja niwaambie ni nani basi aliyekufa.

"Mwalimu, wewe!" Muthoni alikuwa bado ameshika pakiti za sukari alizokuja nazo. "Mimi nimefunga duka. Nimelia kutoka kwa barabara mpaka hapa kwa gate, nimeingia nikilia, napata Mzee anachanganyia ng'ombe chakula! Ananiuliza, Mama, ni nini mbaya? Karibu nife mimi!"

Wengine walicheka. Wengine walikasirika kweli, na sikuwalaumu. Utepe niliufungua mwenyewe nikautia motoni, chini ya sufuria ya chai, na Muthoni akasimama pale pale mpaka akauona umekwisha.

Kipkoech hakucheka wala hakufoka. Aliniita karibu akasema kwa sauti ya chini, "Umenizika ndio upate kupita."

Lilikuwa kweli, ingawa sivyo nilivyotaka liwe.

Chai ilikuwa bado inazunguka mtu mmoja alipoingia getini. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati la kazi la watu wa matatu, kofia mkononi. Hakumsalimia yeyote. Alinijia mimi moja kwa moja, na nikamtambua, ni yule dereva wa asubuhi, yule aliyesimama nyasini. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Mama," alisema, "naitwa Wangila. Nimekuja kukuomba msamaha. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niligonga mzee mwaka jana. Sikusimama, niliogopa. Leo nimekuona na huo utepe, nikajua amekufa, na ni mimi nimemuua. Nimewacha gari kwa stage. Siwezi kuendesha."

"Mzee gani huyo ulimuua?" Kipkoech aliuliza kutoka kwenye kigoda.

Wangila aligeuka. Alimwangalia, akaniangalia mimi, akamwangalia tena, halafu akaketi chini kwenye matope ya ng'ombe. Akaanza kulia kwa sauti, na sikujua kama ni kwa nafuu au kwa hofu. Muthoni aliweka sukari chini akaokota gogo la kuni. Vijana wakamzunguka yule mtu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeikazia macho sufuria ya chai inayochemka.

"Wacheni," Kipkoech alisema. Aliinuka, akachechemea mpaka mbele yake. "Hakuna mtu atamgusa. Mimi nataka kumuuliza kitu moja tu."

Muthoni alishusha gogo lake.

"Uliniona?"

Mwaka mzima kila mtu alikuwa amemjibu swali hilo kabla hajaliuliza, hospitalini, kanisani, dukani. Pole Mzee, hakukuona. Hawa madereva hawaoni baiskeli. Hata mimi nilimwambia hivyo, nikidhani ninamfariji.

Wangila aliinua uso. "Nilikuona, Mzee," alisema. "Nilikuona wewe, na nikaona mama mbele yako. Pia lori niliona. Nikajiambia baiskeli itashuka."

"Ingeshukia wapi?"

"Sijui, Mzee. Hiyo sikufikiria."

Kipkoech alitikisa kichwa polepole. Sikuona hasira usoni mwake. Alionekana kama mtu aliyekuwa akibishana na watu wengi kwa muda mrefu na hatimaye amepata shahidi.

"Na hapa kwangu unapitanga?"

"Kila siku. Nikifika hapa naangalianga upande ile ingine."

"Kesho tukitoka kanisa utakuja hapa, twende kituo cha polisi mimi na wewe, uwaambie vile umeniambia. Usipokuja, sasa nakujua." Akamnyoshea mkono, akamwinua kutoka matopeni. "Enda uoshe suruali."

Wangila aliondoka kwa miguu. Majirani wakaanza kutawanyika, viti vikarudishwa kwenye mkokoteni, kuni zikabaki. Muthoni alisema sukari yake pia ibaki, kwa sababu imeshalia msiba na haifai kurudi dukani. Jua lilikuwa bado liko juu kidogo. Nilienda stoo kujificha, maana aibu ilikuwa imeanza kunifikia, na Kipkoech akanifuata akasimama mlangoni.

"Umemsikia," nilimwambia bila kumwangalia. "Kosa halikuwa lako."

"Sijawahi kufikiri lilikuwa langu."

"Sasa unaogopa nini, Baba Cynthia? Mwaka mzima! Kama si kosa lako, na nyonga imepona, na daktari amesema... Mimi nakaa hapa kama mjane na wewe uko hapo. Nimekukosa. Nimekukosa mpaka nikafunga kitambaa cha maiti kwa baiskeli. Niambie basi unaogopa nini!"

Nilidhani atanijibu kesho, wakati wa chai ya saa kumi, kama kawaida yake. Lakini alijibu.

"Wewe hukaa mbele," alisema. "Wewe hujawahi kuona. Mimi ndiye hukaa nyuma, naangalia kila gari ikikupita. Kila moja, miaka yote. Siku ile matatu ilinigonga, na kabla nianguke niliona inaenda kwako. Halafu nikawa ndani ya mtaro. Sikuweza kuinua kichwa nione kama uko. Nilikuwa nangoja tu nisikie." Aliangalia juu, kwenye boriti. "Mimi siogopi kugongwa, Mama Cynthia. Nilishagongwa. Kukuangalia ndio siwezi tena."

Nililia pale kwenye magunia. Miaka yote nilidhani ni matembezi yetu sote wawili. Kumbe mimi nilikuwa natembea na yeye alikuwa analinda, na hakuwahi kuniambia, kwa sababu angeniambia ningeacha kuangalia mashamba. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi yetu. Na bado nilimtaka barabarani. Mapenzi hayana akili nyingi, au yangu hayana.

"Basi leo mimi nitakaa nyuma," nilisema.

Alinitazama.

"Nitaangalia mimi. Wewe tangulia. Mpaka kwa Muthoni tu, tumwombe msamaha, tugeuke."

Alileta kigoda, akapanda, akaishusha baiskeli yake. Magurudumu yalikuwa hayana pumzi, na nikamletea pampu, na tukachukua muda mrefu kuyajaza. Getini alikataa nimshike. Akarusha mguu, nyonga ikamfanya akunje uso, kisha akaketi na kukanyaga. Baiskeli ikayumba, ikanyooka. Nikapanda nyuma yake.

Mwanzoni sikuona magari. Nilimwona yeye. Sikuwahi kumwona mume wangu kutoka nyuma akiendesha, katika miaka yote ya ndoa yetu, na sikujua kwamba mabega yake yanacheza hivyo, kushoto, kulia, au kwamba shingo yake imeanza kuwa na mvi. Jua lilimpiga upande. Alianza kusema kitu kuhusu shamba la jirani lililochelewa kuvunwa, akacheka mwenyewe. Yule mtu wa Jumamosi alikuwa amerudi. Nilikuwa naye, hatua chache mbele yangu, na nilidhani moyo utanipasuka kwa raha.

Kisha lori likaja. Lilipiga honi mgongoni kwangu, likanipita karibu kiasi kwamba nilisikia joto la injini mguuni, na nikalitazama likimwendea. Kwa mbele mtu ni mpana, ana kifua, ana uso. Kutoka nyuma, kando ya lori la mahindi, mume wangu alikuwa kitu kidogo sana. Tairi lilipita karibu na kiwiko chake. Kati yao pasingetosha hata sahani. Shati lake lilivutwa na upepo kuelekea kwenye magurudumu, akayumba, akarudi sawa. Hakugeuka hata kidogo. Alikuwa anaendelea na habari za shamba.

Nyuma ya lori ilikuja Probox, haikupunguza mwendo. Nyuma ya Probox ilikuja matatu, ikachomoka kuipita Probox yenyewe wakati ile haijamaliza kumpita yeye, na kwa muda mfupi nikaona magari mawili na mtu wangu mmoja kwenye lami ile ile. Mikono ilikuwa imeshika breki na sikujua nimeishikaje.

Walipita. Vumbi likatulia. Yeye alikuwa bado anakanyaga.

"Baba Cynthia!" niliita. "Baba Cynthia, turudi nyumbani!"

"Bado kidogo!" alijibu bila kugeuka, na sauti yake ilikuwa na furaha kama ya kijana. Duka la Muthoni lilikuwa limeonekana, na akaongeza mwendo, akalipita.

Mwaka mzima nilikuwa nimetamani kumwona tena juu ya baiskeli ile. Nilimfuata nikitamani ashuke.